Muqaddima ya Ibn Khaldun kwa juzuu moja: je, inafaa kununuliwa?

Kitabu ninachokipima hapa ni Muqaddima ya Ibn Khaldun kwa Kiingereza, tafsiri ya Franz Rosenthal iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1958 ikiwa juzuu tatu nene, na ambayo baadaye N. J. Dawood aliifupisha ikawa juzuu moja ya kubebeka mkononi. Toleo nililonalo ni la jalada laini la mwaka 2005, kutoka matbaa ya Chuo Kikuu cha Princeton, lenye kurasa zinazokaribia 500 na utangulizi mpya wa Bruce Lawrence. Nimekaa nalo zaidi ya mwaka mmoja. Nililisoma mara moja kwa mfululizo, na tangu hapo nimekuwa nikilirudia kwa vipande, hasa usiku baada ya Isha, penseli mkononi, na sasa naona ninaweza kumwambia msomaji mwenzangu anachokipata kwa pesa yake na anachokikosa.

Habari ya ununuzi nitaimaliza upesi. Niliagiza kupitia duka moja la mtandaoni ambalo sina haja ya kulitaja. Waliniahidi wiki mbili, wakaleta baada ya wiki saba, na kifurushi kilikuwa kimelowa pembe moja hata kurasa za mwisho zikashikana, ikanibidi kuzibandua kwa wembe, ukurasa mmoja baada ya mwingine. Nilipolalamika niliambiwa nitume picha, nikatuma, nikaambiwa nitume tena. Yote pamoja, kitabu na usafiri, yalinigharimu shilingi 78,000. Kasoro hiyo ni ya wauzaji, wala haimhusu mwandishi aliyefariki mwaka 1406.

Abdulrahman bin Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 1332, katika ukoo ulioishi Sevilla kwa karne kadhaa kabla ya kuhamia Afrika ya Kaskazini, na ambao wenyewe walijinasibisha na Hadhramaut, jambo litakalowagusa wasomaji wengi wa Lamu, Mombasa, Unguja na Tanga ambao nasaba zao huishia kwenye mabonde hayohayo. Alikuwa kijana wa miaka kama 17 tauni kubwa ilipofika Tunis ikawachukua wazazi wake wote wawili na wengi wa walimu wake. Alitumikia watawala wa Fez, akafungwa huko karibu miaka miwili. Alitumikia Granada, na mwaka 1364 akatumwa kwa mfalme Pedro wa Castilla, akauona mji wa babu zake ukiwa mikononi mwa watu wengine. Alikuwa waziri Bijaya na kupanda milimani kukusanya kodi kwa makabila yasiyopenda kutoa. Mwaka 1375 alijitenga na mambo hayo katika ngome ya Qal'at Ibn Salama, katika nchi inayoitwa leo Algeria, na mwaka 1377, kwa muda wa miezi mitano, akaandika Muqaddima, yaani dibaji ya historia kubwa ya ulimwengu aliyoiita Kitab al-Ibar. Hakuwa mwanachuoni wa zawiya asiyejua harufu ya ikulu, na kila ukurasa unaonyesha hivyo.

Siku hizi Ibn Khaldun huuzwa kwa jina la baba wa sosholojia, mtu aliyetangulia wakati wake kwa karne tano, na mara nyingi sifa hiyo huja na dokezo kwamba dini iliyomo ndani ya kitabu chake ni kilemba cha adabu tu, alichojivika ili maulamaa wasimsumbue. Nimekisoma nikitafuta ushahidi wa dokezo hilo, na sikuuona. Kwa jinsi ninavyomwelewa, hoja yake ni ya kidini tangu msingi. Mambo ya wanadamu yana desturi. Desturi hiyo ni ya Mwenyezi Mungu, ambayo Qur'ani inasema haibadiliki. Na kazi ya mwanahistoria ni kuitafuta desturi hiyo ndani ya vurugu za vita, kodi, ndoa na njaa. Atakayekinunua kitabu hiki kwa ajili ya sosholojia peke yake atakuwa amelipia nyumba nzima akaishia barazani.

Mahali pazuri pa kuonja namna yake ya kufikiri ni mwanzoni kabisa, anapowakosoa wanahistoria waliomtangulia. Anamchukua al-Mas'udi, ambaye anamheshimu, na kisa alichokisimulia kuhusu Iskandari, yaani Alexander Mkuu. Inasemekana mfalme huyo alipokuwa akiujenga mji wa Iskandaria, viumbe wa baharini walikuwa wakimzuia. Akatengenezewa sanduku la mbao lenye kasha la kioo ndani yake, akazama nalo hadi chini, akawachora viumbe wale kama walivyo, akarudi juu na kuamuru zitengenezwe sanamu za chuma za mfano wao. Viumbe walipotoka majini na kukutana na sanamu hizo walikimbia, na mji ukajengwa. Ibn Khaldun hatosheki na kusema kwamba huo ni uzushi. Anauliza ni mfalme gani atakayejitia katika hatari ya namna hiyo, ilhali watu wangemweka mwingine mahali pake kabla hajarudi. Anakumbusha kwamba viumbe wale, ikiwa ni jinni, hawajulikani kwa umbo moja maalumu. Kisha analeta hoja ninayoipenda kuliko zote: mtu aliyefungiwa ndani ya sanduku chini ya maji angekosa hewa baridi ya kupoza mapafu yake, akafa palepale, kama wanavyokufa watu wanaofungiwa ndani ya hamamu au wanaoteremka kwenye visima virefu ambavyo hewa yake imeharibika. Yeyote aliyewahi kuona mchimba kisima akitolewa kwa kamba akiwa amezimia ataelewa kwamba huyu ni mwanachuoni aliyekuwa akiwasikiliza watu wa kazi.

Nyuma ya mfano huo iko kanuni ambayo walimu wetu wa madrasa wangefaidika nayo. Anasema kwamba kupima uadilifu wa wapokezi wa hadithi ni njia sahihi katika amri na makatazo ya sheria, kwa sababu pale linalotakiwa ni kuamini kwamba amri kweli ilitolewa. Katika habari za matukio, hata hivyo, jambo la kwanza ni kuuliza kama tukio lenyewe lingeweza kutokea, na ikiwa haliwezekani, uaminifu wa msimulizi hausaidii kitu. Ni msomi wa fikihi ya Imam Malik anayesema haya, mtu aliyekuja kuwa kadhi Misri, na anasema bila kuidharau elimu ya hadithi hata kidogo. Anaweka mpaka tu kati ya kazi mbili ambazo sisi bado tunazichanganya kila tunaposimuliana asili ya miji na makabila yetu.

Lakini hakutaka kanuni hiyo igeuke kuwa kiburi cha kukataa kila kigeni, na hapa ndipo panapotokea kisa kinachotuhusu sisi moja kwa moja. Msafiri Ibn Battuta aliporudi Morocco, watu wa baraza la sultani walimsikiliza akieleza utajiri wa mfalme wa Delhi, wakanong'onezana kwamba anadanganya. Ibn Khaldun, kijana wakati huo, alimweleza waziri Faris bin Wadrar kwamba na yeye ana shaka. Waziri akamjibu kwa hadithi: waziri mmoja alifungwa gerezani miaka mingi pamoja na mwanawe, na mtoto akakulia humo. Alipopata akili aliuliza nyama anayoila ni ya nini. Baba akamwambia ni ya kondoo, akamweleza kondoo alivyo. Mtoto akauliza, "Baba, yaani anafanana na panya?" Baba akakanusha, lakini kwa ngamia na ng'ombe mambo yakawa yaleyale, kwa maana hajawahi kuona mnyama mwingine gerezani isipokuwa panya. Kisa hiki kimo ndani ya sura ya tatu, na nitakirudia baadaye, kwa sababu nadhani kinamhukumu mwandishi mwenyewe.

Sehemu iliyonikalisha zaidi ni ile ya umri wa dola. Ibn Khaldun anasema dola, kama mtu, ina umri, nao kwa kawaida hauzidi vizazi vitatu vya miaka 40 kila kimoja. Kizazi cha kwanza kimetoka katika maisha magumu, kinagawana utukufu na shida. Cha pili kimekaa mjini, kimemwachia mmoja utukufu wote, lakini bado kinawakumbuka waasisi. Cha tatu kimesahau ugumu kana kwamba haukuwahi kuwapo, kinahitaji kulindwa na askari wa kukodi. Haya hunukuliwa kila mahali. Kisichonukuliwa ni mahali alipoitoa hiyo 40. Ameitoa katika Qur'ani: katika umri ambao mtu hufikia ukomavu wake, na katika kisa cha Bani Israili kutangatanga jangwani miaka 40 baada ya kukataa kuingia katika nchi waliyoamriwa kuiingia. Tangu utotoni nimesikia kisa hicho kikielezwa mimbarini kuwa ni adhabu, basi. Ibn Khaldun anauliza kwa nini adhabu iwe ya muda huo na si mwingine. Jibu lake ni kwamba watu waliokulia katika utumwa wa Firauni walikuwa wamevunjika nafsi. Hawakuwa na mshikamano wa kupigania chochote, na ndiyo maana walimwambia Nabii Musa aende yeye na Mola wake wakapigane. Hekima ya miaka 40 ilikuwa kwamba kizazi hicho kipite, na jangwani kizaliwe kingine kisichojua unyonge wala bwana.

Nilipoimaliza aya hiyo nilifunga kitabu nikatoka nje. Hakuna neno la maandiko alilolipunguza. Adhabu imebaki adhabu, amri imebaki ya Mungu, lakini ndani yake ameonyesha utaratibu unaoeleweka, unaoweza kupimwa kwa watu wengine na zama nyingine. Wakati huohuo ni yeye aliyekwisha kukataa, kurasa nyingi nyuma, idadi ya wapiganaji 600,000 ambayo wanahistoria walidai Nabii Musa aliwahesabu jangwani, akisema kwamba Yaakub aliingia Misri na watu 70 tu na vizazi kati yake na Musa ni vinne, na kwamba jeshi la ukubwa huo lisingeweza hata kupanga safu uwanjani. Anaamini kisa na anakagua hesabu, bila kuona mgongano wowote. Kwa upande wangu hapo ndipo thamani ya kitabu hiki ilipo.

Nguvu inayoisukuma historia anaiita asabiyya, na juu ya neno hili nina malalamiko. Rosenthal amelitafsiri kwa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya hisia ya kundi, na kwa kuwa tafsiri imelishikilia hivyo mwanzo hadi mwisho, msomaji huzoea kuliona kama jambo la moyoni tu, kitu cha kuhisi. Katika matumizi ya Ibn Khaldun ni zaidi ya hisia: ni damu, ni kiapo, ni ulezi, ni wajibu wa kufa kwa ajili ya mwenzako kabla hujauliza kosa ni la nani. Kiswahili nacho hakina neno moja la kulibeba. Umoja ni neno la mikutano ya hadhara, ukabila umeshaoza mdomoni, na udugu ni mpole kupita kiasi. Ningependa mfasiri wa Kiswahili, akipatikana, aliache neno lenyewe na kulizoesha, kama tulivyozoea siasa na dola, ambayo yote mawili yamo katika kitabu hiki kwa maana zinazokaribiana na zetu.

Kwa asabiyya anajibu swali ambalo watu wa dini hulikwepa: kwa nini wenye haki hushindwa. Jibu lake ni kavu. Wito wa dini hausimami bila asabiyya, na anataja hadithi kwamba Mwenyezi Mungu hakumtuma nabii ila alikuwa na ulinzi wa watu wake. Anawataja watu wa Baghdad wa mwaka 817, wakati mji umeangukia mikononi mwa wahuni, na kati ya waliosimama kuwapinga alikuwamo Sahl bin Salama aliyejifunga msahafu shingoni na kuwaita watu waamrishe mema na wakataze maovu. Wakamfuata wengi, na upesi kundi lake likavunjwa, kwa kuwa hakukuwa na ukoo wala jeshi nyuma yake. Kwa Sayyidna Husein, mjukuu wa Mtume aliyeuawa Karbala, anasema kwa uangalifu mkubwa kwamba hakukosea kuhusu haki yake na sifa zake, ila alikosea katika kupima nguvu alizokuwa nazo, na anamwita shahidi mwenye malipo yake kwa Mola. Ni kurasa nzito kwa msomaji muumini, na sidhani zinaweza kusomwa kwa haraka. Kinachonivutia ni kwamba hatumii kushindwa kwa mtu kuwa dalili ya upotovu wake, wala ushindi kuwa dalili ya haki. Mtume (S.A.W.) aliilaani asabiyya, na Ibn Khaldun analijua hilo vizuri, anajibu kwamba kilicholaaniwa ni asabiyya iliyo kwa ajili ya batili, kama hasira na matamanio yanavyolaumiwa kwa mahali yanapoelekezwa, kwani mtu asiye na hasira kabisa asingeweza hata kupigania haki.

Anakwenda mbali zaidi. Wanafalsafa wa Kiislamu walikuwa wakitoa hoja kwamba unabii ni lazima kiakili, kwa kuwa binadamu hawawezi kuishi pamoja bila mtoa sheria kutoka kwa Mungu. Ungetegemea mwanachuoni aipokee hoja hiyo kwa mikono miwili. Yeye anaikataa, kwa sababu kila mtu anaona kwamba mataifa yasiyo na kitabu ni mengi kuliko yenye kitabu, nayo yalikuwa na falme na majengo makubwa. Dola husimama kwa nguvu na asabiyya. Unabii unajulikana kwa sheria, na kazi yake ni kuwaongoza watu katika maslahi ya dunia na akhera yao. Kwa kulitenganisha hili na lile ameiokoa dini isitumiwe kama saruji ya kujengea serikali, ingawa sina hakika kwamba yeye angekubali niliweke kwa maneno hayo.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo msomaji wa Kiingereza hana, na ningependa aitumie. Umran, neno ambalo Rosenthal analitafsiri kuwa ustaarabu, lina mzizi mmoja na neno letu umri. Ibar, lililo katika jina la kitabu kizima, ni wingi wa ibra, neno ambalo kila khatibu wa pwani hulitumia akisimulia habari za kaumu zilizoangamia. Neno ustaarabu lenyewe lina kinaya chake. Sisi tumelifanya kuwa jina la maisha ya mjini, adabu na elimu, tukilitoa katika jina la Waarabu. Ilhali Ibn Khaldun anapoandika "Waarabu" mara nyingi anakusudia mabedui wa jangwani, na ana kifungu kizima kinachosema kwamba nchi zinazoangukia mikononi mwao huharibika upesi. Tafsiri imeliacha neno Waarabu kama lilivyo, na katika ufupisho huu tanbihi nyingi za Rosenthal zimeondolewa, kwa hiyo asiyejua atadhani anasoma tusi dhidi ya taifa zima, tena kutoka kwa mtu aliyejivunia nasaba ya Hadhramaut. Hili ni pengo la kweli katika toleo la juzuu moja. Mwenye uwezo wa kupata juzuu tatu, hata kwa kuazima maktaba, afanye hivyo.

Sasa nirudi kwa panya. Sura ya kwanza inagawa dunia katika maeneo saba ya hali ya hewa, na kadiri watu wanavyokaa mbali na maeneo ya katikati, ndivyo mwandishi anavyowaona kuwa mbali na utu. Maneno anayowasema watu weusi wa kusini ni mabaya. Anawaita wepesi wa akili na wapenda ngoma, anawasogeza karibu na wanyama, na mahali pengine anasema kwamba wanaukubali utumwa kwa urahisi. Sitayapamba. Ni haki kutaja pia kwamba anaikataa kabisa hekaya ya laana ya Hamu, akisema waliodai kwamba weusi ni matokeo ya dua ya Nabii Nuhu hawakujua tabia ya joto na baridi, na kwamba Taurati haisemi lolote kuhusu rangi. Na kwamba anawatoa katika hukumu yake Wahabeshi na watu wa Mali, ambao ndani ya historia yake kubwa ameandika habari za wafalme wao, pamoja na hija ya Mansa Musa, kwa namna ambayo mpaka leo wanahistoria wanaitegemea. Kilwa haimo katika waliotolewa kwenye hukumu hiyo. Ibn Battuta, yuleyule ambaye habari zake zilimfanya waziri atoe hadithi ya mtoto wa gerezani, alifika Kilwa mwaka 1331, mwaka mmoja kabla Ibn Khaldun hajazaliwa, akauona mji uliokuwa ukifua sarafu zake wenyewe, na akawasifu watu wake kwa dini na wema. Ushahidi ulikuwapo Fez, umbali wa mtaa mmoja. Mwanachuoni aliyetufundisha tusimpime kondoo kwa panya alipofika kusini ya dunia alipima kwa panya aliowajua.

Swali ambalo sikuacha kujiuliza wakati wote wa kusoma ni kama nadharia hii inaisaidia historia yetu. Wengi wetu tulikutana na falsafa ya historia bila kuijua jina, katika Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambamo mshairi anauonyesha moyo wake majumba ya Pate: taa zilizokuwa ziking'aa zimezimika, vidaka vya kuwekea sahani za kaure vimekuwa malazi ya makinda ya ndege, na popo na buibui ndio wenyeji. Mshairi na mwanahistoria wote wawili wanatafuta ibra kwenye magofu. Lakini mshairi anaugeukia moyo na kuuambia ujitayarishie safari. Ibn Khaldun anageukia daftari la kodi. Anasema dola ikiwa changa hutoza kodi ndogo na kupata mapato makubwa, na ikizeeka hutoza kodi kubwa na kupata mapato madogo, kwa sababu watu hupoteza tamaa ya kulima na kufanya biashara. Anasema pia kwamba anasa ikifika ukingoni watu huanza kupanda bustanini miti isiyo na faida ya kula, kwa ajili ya umbo lake tu, na kwamba ndiyo maana watu walisema mji ukijaa michungwa michungu umekaribia kuharibika. Si kwamba mti una nuksi, anaeleza. Ni kwamba unakuja mwishoni. Hapo anaileta aya ya Qur'ani kuhusu mji unaoangamizwa baada ya wenye anasa wake kufanya uovu. Tangu niisome siwezi kupita kwenye mitaa mipya yenye safu za miashoki bila kuhesabu.

Kwa Pate yenyewe, hata hivyo, kielelezo chake kinapwaya. Mji huo haukuvamiwa na mabedui wenye asabiyya mpya waliokuja kuchukua mahali pa waliolegea. Uliishi kwa bahari, kwa kusi na kaskazi, ukachoshwa na ugomvi wa ndani na vita na Lamu, hadi kushindwa kule Shela mwanzoni mwa karne ya 19. Ibn Khaldun anazijua manowari za Bahari ya Kati, lakini dola inayosimama juu ya jahazi na mkopo wa mfanyabiashara haikumshughulisha. Ingawa hivyo, ile hesabu yake ya utukufu wa nyumba kudumu vizazi vinne tu, mwasisi, mwana aliyemwona mwasisi, mjukuu anayeiga, na kitukuu anayedhani heshima ilizaliwa naye, sijaona mji wa pwani ambao haujaithibitisha.

Wasomaji Wakristo nao wasidhani kitabu hiki hakiwahusu. Zaidi ya miaka 900 kabla yake, katika pwani ya Algeria hiyohiyo ya leo, Augustino wa Hippo alikuwa ameandika kuhusu mji wa Mungu na mji wa dunia, baada ya Roma kutekwa mwaka 410 na watu kuulaumu Ukristo kwa kuanguka kwake. Mwanafunzi wake Orosius aliandika historia ya ulimwengu kwa kuhimizwa naye, historia hiyo ikatafsiriwa kwa Kiarabu huko Andalusia, na Ibn Khaldun aliitumia alipoandika habari za Warumi. Augustino anaiona historia ikielekea mwisho mmoja, miji miwili ikiwa imechanganyika mpaka siku ya hukumu. Ibn Khaldun anaamini siku hiyo bila shaka yoyote, lakini haitumii kueleza kwa nini dola hii imeanguka na ile imesimama. Kuwasoma pamoja ni kazi ya msimu mzima wa mvua, na inafaa.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, kinunuliwe, kwa masharti. Kiingereza chake ni cha kitaaluma lakini si kigumu kwa aliyemaliza kidato cha sita. Mwalimu wa historia au wa elimu ya dini anaweza kuanza na dibaji na ukosoaji wa wanahistoria, aruke ramani ya maeneo saba kwa mara ya kwanza, aende sura ya pili na ya tatu, ambazo ndizo moyo wa kitabu, kisha asome vifungu vya mwisho vya sura ya nne kuhusu miji na anasa. Sura ya tano, ya riziki na ufundi, ni fupi na ya kupendeza, na seremala, mkunga na mwandishi wote wamo humo. Sura ya sita, ya elimu na ufundishaji, yatosha kwa usomaji wake yenyewe, hasa anaposema kwamba ukali kwa wanafunzi huwafundisha uongo na hila. Kifungu hicho nilikitolea nakala nikampa ustadhi wa madrasa ya mtaani kwetu. Alikisoma amesimama mlangoni, akaniuliza kama mwandishi ni wa zamani kweli, kisha akakikunja na kukiweka ndani ya msahafu wake.